Yule Bibi Alianguka Jioni

Chumba cha Mwisho, Ghorofa ya Tatu,
Mtaa wa Nyuma ya Stesheni,
Ughaibuni.

Jumamosi, 21 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tena shikamoo ya mikono miwili, maana ya mkono mmoja kwa umbali huu haitafika. Hujambo? Goti linasemaje tangu mvua zianze? Na lile sikio la upande wa injini, umekwenda kulionyesha hospitali kama ulivyomwahidi Baba, au bado unasema tatizo si sikio lako, ni watu siku hizi wananong'ona?

Bibi naye yu hali gani? Anapata usingizi? Mwambie kile kitambaa cha kichwa alichonipa nakivaa kila siku, tena siku nyingine nakivaa ndani ya kofia. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, napumua, ingawa hewa ya huku ukiivuta asubuhi pua inawasha kama imeingia maji.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu simu yako huwekwa spika, na ukiitikia wewe wanaitikia wote: Bibi, watoto, Bolti fundi wako wa mashine, na kila aliyekuja na debe lake la mahindi kusagiwa. Haya si ya foleni. Nimempa mwanafunzi mwenzangu anayerudi nyumbani kwa likizo, nikamwapisha akukabidhi mkononi. Vaa miwani, ingia chumbani, funga mlango.

Lile jambo mnalonisifia huko, la bibi kizee wa kizungu niliyemwokoa, halikwenda kama mlivyosikia. Nilikudanganya, Shangazi. Nimeanza na hilo kabisa ili nisipate nafasi ya kulizunguka. Sasa ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana bila zile siku zangu za kwanza huku hutaelewa nilifikaje kwenye ujinga ule.

Siku niliyotua nilipokewa na kijana mmoja wa kwetu ambaye ana miaka kadhaa hapa chuoni. Sisi wageni tunamwita Mwenyeji, naye jina hilo amelipokea kwa mikono miwili, anatembea nalo kama cheo. Bweni lilikuwa limejaa, kwa hiyo chuo kikanipangishia chumba kwenye jengo la watu wa kawaida. Mwenyeji akanibebea begi mpaka ghorofa ya tatu huku ananisomea masharti ya nchi. Usimwamkie usiyemjua kwenye ngazi. Usimuulize mtu anakwenda wapi. Usibishe hodi kwa jirani bila kuahidiana. Na zaidi ya yote, usipige kelele, kuta za huku ni nyembamba. Jirani akigonga ukuta ujue umemkera, na akigonga tena ujue kesho utaitwa na mwenye nyumba. Yeye mwenyewe aliwahi kuhamishwa chumba kwa ajili ya kucheka.

Mimi nikajifanya mjuaji, nikampuuza. Asubuhi yake nikashuka ngazi nikimwamkia kila mtu kama ulivyonilea. Mwanamume mmoja mwenye mbwa alisimama, akapapasa mifuko yake yote, akadhani nimemwita kwa sababu kuna kitu amedondosha. Mwenyeji aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akawahadithia wenzake wote kantini. Nilijikaza kisabuni nikacheka nao, lakini iliniuma. Nikakata shauri kwamba hakuna mtu atakayeniona mshamba tena.

Darasani nako, Shangazi, nilikuwa wa mkiani. Wenzangu wote wamewahi kushika kipimo cha ardhi cha umeme, mimi nilikuwa nimekiona kwenye picha ya kitabu tu. Mwalimu anaongea bila kupumua, sawa na mashine yako ikiwashwa bila nafaka. Siku ya kwanza ya kwenda uwanjani nilikisimamisha kipimo juu ya miguu yake mitatu nikasahau kukaza mguu mmoja. Kikainama polepole, kikalala kwenye nyasi mbele ya kundi zima. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Basi nikatamani kuwe na kitu kimoja tu ambacho mimi nakiweza. Nikaona angalau hili la kuishi kimya kama wao nitalifaulu.

Na kweli nililifaulu. Nikajifunza kufunga mlango bila kitasa kulia. Nikavaa soksi juu ya soksi ili nyayo zisisikike. Nikawa nikisikia mtu yuko kwenye ngazi nasubiri kwanza apite ndipo nitoke, tusije tukalazimika kuamkiana.

Jirani yangu ni bibi kizee anayeishi peke yake. Ukuta wa kitandani kwangu ndio ukuta wa kitandani kwake. Siku niliyohamia alifungua mlango, akanitazama navuta begi, akaniambia maneno fulani kwa upole. Nikamjibu ndiyo. Mpaka leo sijui niliitikia nini. Baada ya hapo nilimwona mara chache, akichukua gazeti lake linalowekwa mlangoni asubuhi, ananipungia mkono, nami nampungia, kisha kila mtu kwake.

Sasa Jumapili ile. Ulinipigia jioni, ulikuwa umefunga mashine mapema na wengine wote wamekwenda harusini, kwa hiyo tulikuwa mimi na wewe tu. Ulikuwa unanihadithia Bolti alivyogombana na mkanda wa mashine mpaka akauita majina ya mke wake. Nacheka, machozi yananitoka, nimesahau masharti yote. Ndipo ukuta ukagongwa. Ulisikia, Shangazi. Sikio lako lile linalolaumiwa lilisikia kutoka huko.

"Kuna mtu anabisha hodi hapo," ulisema. "Kamfungulie kwanza, mi nasubiri."

"Si hodi, Shangazi. Ni jirani, kelele zetu zimemchosha."

"Kelele gani? Mtu akigonga hivyo ana shida. Nenda kamwangalie."

"Shangazi, huku si kama huko."

Nikakukatia simu. Sikukuaga, sikukutakia usiku mwema. Na nikuambie na hili, kwa kuwa nimeshaanza kusema: wakati ule sikuwa namwonea haya jirani, nilikuwa naionea haya sauti yako. Sauti iliyonilipia kila kitu, iliyoshindana na injini miaka yote ili mimi niende shule, mimi nimekaa kwenye kitanda cha watu naiona kubwa mno.

Ukuta uligongwa tena. Nikazima redio, ingawa ilikuwa chini kiasi kwamba hata mimi nilikuwa naisikia kwa shida. Ukagongwa tena. Nikavua viatu, nikakaa katikati ya kitanda bila kujigeuza ili kisilie. Kila ukigongwa mimi nazidi kunyamaza. Baadaye kule kugonga kukawa kwa unyonge, kukawa kwa nadra, nami nikaona anaanza kuridhika. Kulipokoma kabisa nikafurahi. Nilijipongeza, Shangazi. Nililala nikiwaza kwamba sasa nimejua kuishi na watu.

Asubuhi natoka kwenda darasani nikaliona gazeti bado liko mlangoni kwake. Nikapita. Nikashuka ngazi kidogo, miguu ikakataa. Nikarudi, nikasimama pale mlangoni, na ndipo yale ya jana yakanirudia kwa sura nyingine kabisa. Nikabisha. Nikabisha kwa lugha yetu, hodi, hodi, kwa sauti ambayo Mwenyeji angezimia. Ndani ikatoka sauti ndogo.

Nilishuka mbio kumwita mtunza jengo, akaja na funguo zake. Tulimkuta bibi chini, kati ya kitanda na ukuta, na nguo za nyumbani, nyonga imevunjika, mwili baridi. Mkononi alikuwa bado ameshika kandambili aliyokuwa akigongea.

Aliponiona alinitazama sana. Mimi nikatazama ile kandambili.

Watu wa gari la wagonjwa walipofika, mtunza jengo aliwaambia ni huyu binti aliyegundua. Wakanishika bega. Wakasema kwa baridi ile, na umri ule, ningechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Jirani wa chini, yule mwenye mbwa, akanipa mkono. Jioni akaja binti wa bibi, mwanamke wa umri wako, kasafiri kutoka mji mwingine, akanikumbatia akalia kwenye shingo yangu. Mwenyeji alikuwepo, akatupiga picha. Ndiyo hiyo mliyoiona huko. Picha ilifika kabla sijapata hata nafasi ya kukaa chini nifikiri.

Halafu mkapiga simu. Spika, kama kawaida. Vigelegele, Bibi anashukuru Mungu, Bolti anasema anataka kuja kuoa huku sasa kwa kuwa ana shemeji maarufu. Wote walisema jambo, wewe peke yako ukauliza swali.

"Kwani alianguka lini?"

Ulikuwa umeshaunganisha, siyo? Au uliuliza tu kama mtu anavyouliza? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Nilikujibu haraka, ulimi haukukwama hata kidogo: "Asubuhi ileile, Shangazi."

Alianguka jioni. Alianguka sisi tukiwa tunacheka. Alilala sakafuni usiku kucha upande wa pili wa kitanda changu, na mimi najigeuza kwa uangalifu nisimsumbue.

Tangu siku ile nimevikwa kilemba cha ukoka na kila mtu, na siwezi kukivua. Kwenye ngazi sasa watu wananiamkia wao. Mwalimu aliyasikia, akanitaja mbele ya darasa; wenzangu wakagonga meza, ndiyo makofi ya huku, na mmoja wao anayejua kila kitu akaja kunifundisha kipimo kwa hiari yake. Binti wa bibi aliliona koti langu lilivyo jepesi, akaniletea lake. Ni koti zuri. Nalivaa kwa sababu baridi haina haya, lakini kila nikilifunga vifungo najiona mwizi.

Nilikwenda hospitali kusema ukweli. Mara ya kwanza binti yake alikuwepo, akaanza kuwaonyesha wauguzi: ndiye huyu, ndiye huyu. Nikatabasamu kama mpumbavu, nikaacha maua, nikaondoka. Njiani nilijitukana kwa maneno yako yote ninayoyajua, hata yale unayoyaweka kwa ajili ya wanaoleta mahindi mabichi kusagiwa.

Mara ya pili nikampata peke yake. Nilikuwa nimezitunga sentensi zangu kwa lugha yao, nimezikariri tangu nyumbani mpaka mlango wa wodi, maana lugha yenyewe bado inanipiga chenga. Nikamwambia nilisikia akigonga. Nikamwambia nilidhani tumempigia kelele. Nikamwomba radhi. Sikulia, nilikuwa nimejikataza, niliona kulia mbele yake ni kumpa kazi ya kunibembeleza.

Yeye si bibi mlaini, Shangazi. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani awe mpole, kumbe siye.

"Najua ulisikia," alisema. "Ulikuwa unacheka, ukanyamaza. Kila nikigonga unanyamaza zaidi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana nini?"

Akaniuliza, "Umemwambia binti yangu?"

"Bado. Nitamwambia leo."

"Usimwambie."

Nikadhani sikumwelewa, nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama unavyomwambia mgeni. Binti yake kwa miaka amekuwa akitaka kumpeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee, yeye amekuwa akikataa. Nyumba ile alihamia akiwa bibi arusi, mumewe alifia kwenye chumba kile cha kitanda, na kila kitu chake anakijua kilipo hata taa zikizimika. Safari hii, baada ya kuvunjika nyonga, binti alikuwa ameshakata shauri. Kilichombadilisha ni mimi. Amesema mama anaweza kurudi kwake, kwa kuwa mlango wa pili kuna kijana anayeangalia. Akijua mama yake aligonga ukuta saa zote zile na aliyeko upande wa pili akavua viatu, hatamrudisha.

"Basi unisamehe wewe," nikamwambia.

"Kusamehe tutaona," alisema. "Kwanza nirudi kwangu."

Kisha akaniomba maji, na nilipompa akaniambia glasi nimeijaza mno.

Amerudi juzi Alhamisi. Anatembea kwa kushikilia kichuma cha magurudumu, anakitukana kila kikigonga mlango. Nimepewa ufunguo wa kwake. Asubuhi nampelekea gazeti kitandani, jioni nakaa naye, namenya viazi na yeye anakosoa maganda. Hatujaongea tena lile jambo. Nikitaka kuondoka anauliza nakwenda wapi, nami namweleza, na nikirudi anauliza nilichelewa nini. Mwenyeji akimsikia atafuta masharti yake yote.

Sijui kama hili ni sawa, Shangazi. Nikimwambia binti yake, nafsi yangu itapumua na bibi atatolewa kwenye nyumba yake. Nikinyamaza, naendelea kula sifa isiyo yangu, tena kwa sababu nzuri, na sifa ya namna hiyo ndiyo inayonichoma zaidi. Halafu kuna yule binti mwenyewe, naye ni mtoto wa mtu, ana haki ya kujua mama yake alilala wapi. Nikiwaza hivi nachanganyikiwa, nasimama katikati ya uwanja na kipimo mbele yangu, mwalimu ananiita mara mbili sisikii.

Jana binti huyo alipokuwa anaondoka kurudi mjini kwake nilimsindikiza mpaka chini. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani, ameuguza peke yake wiki zote hizi. Akanishika mikono yote miwili akaniambia, "Sasa hata mimi nitapata usingizi." Nikamwambia asante. Shangazi, neno lililonitoka ni asante.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wakinisifu mbele ya mashine usiwakatishe, maana Mwenyeji ana ndugu huko na habari zina miguu. Lakini na wewe usiitikie. Ukiwa unasaga, endelea kusaga. Nitajua kwamba kuna mtu mmoja huko ambaye hanipigii makofi, na hilo litanisaidia kulala.

Nisalimie Bibi sana, mwambie nitampigia siku ya kupumzika. Msalimie Baba, na umwambie masomo naanza kuyashika, hilo ni kweli. Msalimie Mama Mdogo na watoto wake, hasa kitinda mimba, nasikia amepoteza meno ya mbele yote kwa mpigo. Msalimie Bolti na mkanda wake, na mkewe zaidi. Mungu akulinde kwenye kazi yako, akupe nguvu za goti na akuhifadhie hilo sikio, maana nimeshaona thamani yake.

La pili ni hili. Ukimaliza kusoma, chukua simu, zima spika, unipigie ukiwa peke yako. Huku kila mtu ni mwema kwangu. Wananikumbatia, wananipa makoti, wananipisha kwenye ngazi, na bibi mwenyewe ananikosolea viazi tu. Hakuna hata mmoja wa kunigombeza. Nigombeze, Shangazi. Kwa ile sauti yako yote.

Ni mimi wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako